Mama Sahani, Aliyeipima Ghuba Jumanne kwa Jumanne

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake na marehemu, na akina mama waokota chaza mliokuja na ndoo zenu kwa sababu maji yatakupwa saa nane na lazima mwahi, nawashukuru kwa niaba ya familia. Mimi ni mjukuu wake wa kwanza, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, na nimeipokea kwa sharti alilolitoa yeye mwenyewe, ambalo nitalisema litakapofika mahali pake. Tarehe zote nimezihakiki kwenye vyeti na kwenye daftari zake, na penye shaka nitasema pana shaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la chumvi, upande wa kaskazini wa ghuba hii. Saa ya kuzaliwa haijulikani, mama yake alisema alfajiri, shangazi yake alisema adhuhuri, na mabishano hayo yalidumu hadi wote wawili walipoondoka duniani. Mama yake alikuwa mwokota chaza, baba yake mpakiaji wa chumvi, na yeye mwenyewe alipenda kutusimulia kwamba akiwa na miaka saba au minane alikuwa akisimama kwenye maji ya kifua, akiinamisha kichwa na kuhesabu vidole vyake vya miguu kimoja kimoja, pamoja na kile kidogo cha kushoto kilichopinda, huku majani ya bahari yakimkuna magoti. Nawaomba mvikumbuke vidole hivyo, nitavirudia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1957 katika shule ya msingi iliyo karibu na reli, akamaliza darasa la nane Novemba 1964, akiwa wa pili kati ya wanafunzi thelathini na wanne, na cheti hicho tunacho, ingawa panya wamekula kona iliyokuwa na sahihi ya mwalimu mkuu. Hakuendelea na sekondari kwa sababu ada ilitosha mtoto mmoja na zamu ilikuwa ya kaka yake, jambo ambalo hakulilalamikia mbele za watu, ila alilikumbusha kila mara kaka huyo alipokosea hesabu, naye yupo nasi hapa mbele, na nina hakika atanisamehe.

Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa kuwa mfagizi wa maabara ya maji ya halmashauri, chumba kimoja chenye meza ndefu ya vigae vyeupe, masinki mawili, na dirisha linalotazama gati la zamani. Kazi yake ilikuwa kufagia na kuosha chupa, lakini baada ya miezi michache mkuu wa maabara aligundua kwamba chupa zilikuwa zimeanza kupangwa rafuni kwa jinsi zilivyotumika, zile za maji ya visima upande mmoja na za bahari upande mwingine, akauliza nani kampangia, na mfagizi akajibu, "Zimenichosha kuzitafuta, mzee." Mwaka 1972 alipandishwa kuwa msaidizi wa maabara.

Kabla ya hapo, mwaka 1969, mizani ndogo ya maabara iliharibika, akatumwa aipeleke kwa fundi mizani wa sokoni, na fundi huyo alimwambia arudi kesho, alipokwenda kesho akaambiwa keshokutwa, mpaka mkuu wa maabara alipouliza ni mizani gani hiyo inayotengenezwa wiki tatu, ndipo ikajulikana kwamba ilikuwa imepona tangu siku ya kwanza. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Desemba 1970, na ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na mmoja kasoro siku kumi na mbili. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni mama yangu, aliyezaliwa Oktoba 1971 na ambaye ni muuguzi, wa pili ni mjomba, aliyezaliwa 1974, fundi wa kuchomelea vyuma, na wa tatu ni mama mdogo, mwalimu, ambaye siku yake ya kuzaliwa nitaieleza baadaye kidogo kwa sababu imeandikwa kwenye daftari la bahari.

Kuanzia Agosti 1974 hadi Aprili 1975 marehemu alipelekwa mafunzo ya miezi tisa, na akarudi na kitu kimoja mkononi, sahani ya bati yenye upana wa sentimita thelathini, iliyopakwa rangi nyeupe, imefungwa kwenye kamba yenye mafundo kila sentimita kumi. Kwa ambao hamkuwahi kumwona kazini, kazi yenyewe ilikuwa hivi, alishuka ngazi za mwisho za gati saa nne asubuhi, akaishusha sahani majini taratibu akiitazama, pale ilipopotea machoni akahesabu mafundo, akaishusha zaidi kidogo, kisha akaivuta mpaka ilipoonekana tena, akahesabu, na namba ya katikati ndiyo aliyoiandika. Maji yakiwa safi sahani huonekana mbali, yakiwa machafu hupotea karibu. Mkuu wa maabara alimwambia ni zoezi la miezi mitatu. Alianza Jumanne tarehe 6 Mei 1975, akapata mita sita na sentimita ishirini, na alishika kamba hiyo kila Jumanne kwa miaka arobaini na saba na miezi tisa.

Watoto wa mtaa ndio waliompa jina la Mama Sahani, na waokota chaza wakalichukua, wakawa wakimpita na ndoo zao wakimuuliza, "Mama Sahani, leo unailisha nini bahari?" naye akiwajibu kwamba anaosha vyombo. Babu alikuwa akilalamika kwa wageni kwamba ameoa mwanamke anayetupa sahani baharini kila wiki ilhali nyumbani wanakula kwa zamu. Lakini ni Babu huyo huyo, kwa kuwa alikuwa fundi mizani na hakuamini kipimo chochote ambacho hakijakaguliwa, aliyemuuliza swali lililoijenga kazi yake, alimwambia, "Mizani ya sokoni naikagua kila mwaka, wewe nani anakukagua?" Kuanzia Januari 1976, kila Jumanne ya kwanza ya mwaka, Babu alishuka naye gatini, kila mmoja akapima kivyake, akaandika kwenye karatasi yake bila kumwonyesha mwenzake, kisha wakalinganisha na kutia sahihi zote mbili. Walifanya hivyo mara thelathini na sita, na mara zote tofauti haikuzidi sentimita kumi na tano. Waliliita jambo hilo jicho la pili.

Jumanne pekee ambayo Babu alipima peke yake ilikuwa tarehe 17 Julai 1979, siku aliyozaliwa mama mdogo, na daftari la siku hiyo linasomeka mita tano, sentimita moja na nusu, maana hakuweza kujizuia, na marehemu akiwa kitandani wodi ya wazazi alimwambia, "Hiyo nusu umeiona wapi, mume wangu, majini hakuna nusu."

Sasa nizungumzie ghuba, kwa sababu maisha yake hayatenganiki nayo. Mwaka 1981 mashine za kunyonya mchanga ziliingia ghuba ya ndani, mji ulikuwa unajengwa na kila mtu alitaka mchanga, mwaka 1985 bomba la majitaka liliwekwa karibu na ghala la chumvi, na mashamba ya juu ya mto yaliongeza mbolea mwaka hadi mwaka. Daftari zinasema mita tatu na nusu mwaka 1986, mita mbili na kidogo mwaka 1991, na Jumanne tarehe 13 Oktoba 1998 zinasema sentimita tisini, namba ya chini kuliko zote, na kando yake ameandika kwa penseli neno moja, Nimerudia. Majani ya bahari yalikufa kwa kukosa mwanga, kaa wakaondoka, na waokota chaza walikuwa wakirudi na ndoo ambazo, kwa maneno ya mwenyekiti wao, zilikuwa na maji ya kuogea tu.

Tarehe 6 Machi 2001 marehemu alikwenda kwenye kikao cha halmashauri na kikapu chenye daftari kumi na saba, akazipanga mezani mwaka baada ya mwaka, na diwani mmoja alimuuliza, "Mama, hii bahari umekaa unaichungulia miaka yote hii?" naye akajibu, "Mheshimiwa, Jumanne tu." Mwaka huo uvunaji wa mchanga ulipigwa marufuku katika ghuba ya ndani, mwaka 2004 bomba la majitaka lilihamishiwa kwenye mabwawa ya kusafishia, na kuanzia 2005 akina mama hawa mnaowaona hapa walianza kupanda majani ya bahari kwa mikono, shina kwa shina, wakati wa maji kupwa. Mwaka 2008 sahani ilionekana tena mpaka mita tatu, na Januari 2011 Babu na Bibi walitia sahihi mita tatu na sentimita themanini. Alistaafu Machi 2009 akiwa na miaka sitini, siku ya Jumanne iliyofuata akaenda kazini kama kawaida, na ofisi ikaona ni rahisi zaidi kumwandikia barua ya kumruhusu kuliko kumzuia.

Babu alifariki tarehe 23 Novemba 2011, na Januari 2012 Bibi alipima peke yake.

Hapa ndipo lilipo sharti nililolitaja. Katika kikao cha familia cha Jumapili palikuwa na rai kwamba sehemu inayofuata iachwe, kwamba si vizuri makosa ya marehemu yasomwe mbele ya jeneza lake, na rai hiyo ilitolewa kwa upendo. Lakini wiki tatu kabla ya kufariki, marehemu aliniambia hospitalini, mama yangu akiwepo, "Wakikupa usome, soma yote. Ile miaka mitatu usiiruke, isome taratibu, wa nyuma wasikie." Basi ninaisoma taratibu.

Kuanzia 2012 namba zake zilianza kushuka, mita tatu na nusu, mita tatu, mita mbili na nusu, bila sababu iliyoonekana, mabwawa yalifanya kazi, mchanga haukuvunwa, mto ulikuwa ule ule. Januari 2013 alinichukua mimi, nikiwa na miaka kumi na minane, niwe jicho la pili badala ya Babu. Ilikuwa tarehe mosi, mwaka mpya, mji mzima umelala. Yeye alisema sahani imepotea kwenye mita tatu na sentimita ishirini, mimi nilikuwa bado naiona vizuri, na niliendelea kuiona mpaka mita tatu na sentimita tisini, lakini aliponiuliza, "Na wewe?" nilisema, "Kama wewe, Bibi," kwa sababu sikuona nitamwambiaje mtu aliyefanya kazi hiyo miaka thelathini na nane kwamba amekosea. Nikatia sahihi. Januari 2014 nilifanya vivyo hivyo, yeye mbili na sitini, mimi nne kamili, nikatia sahihi. Namba zangu za kweli niliziandika nyuma ya daftari langu la shule, kwa kuwa sikuweza kutoziandika popote.

Kufikia Agosti 2014 kampuni moja ya mchanga iliomba marufuku iondolewe, na hoja yao ilikuwa namba za Mama Sahani, zimechorwa kwenye karatasi kubwa, kwamba hifadhi imeshindwa na maji yanachafuka vile vile, hivyo hakuna cha kulinda. Wakati huo huo mama yangu, kama muuguzi, aligundua kwamba Bibi alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe, akampeleka kliniki ya macho, na daktari akakuta mtoto wa jicho macho yote mawili. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji Alhamisi tarehe 21 Agosti 2014. Jumanne iliyofuata hakuruhusiwa kuinama, akamtuma dereva wa ofisi, ambaye sote tunamwita Dereva, na yupo hapa, kiti cha nyuma kabisa kama kawaida yake, naye akarudi na mita nne na sentimita kumi, tukamcheka, maana wiki iliyotangulia Bibi alikuwa amepata mbili na ishirini, na ofisini wakamuuliza kama alikuwa anapima bahari au tangi la petroli.

Jumanne tarehe 2 Septemba marehemu alishuka gatini mwenyewe, akapima, akapata nne na kumi. Alikaa kwenye ngazi muda mrefu. Kisha alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akapima kwa lile la kushoto ambalo lilikuwa halijatibiwa, akapata mbili na thelathini. Sahani ile ile, saa ile ile. Aliandika namba zote mbili, akapanda juu, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kumwomba Dereva radhi mbele ya ofisi nzima.

Jioni alinifungulia daftari kwenye zile kurasa mbili zenye sahihi yangu, akaniuliza niliona wapi, nikamwambia ukweli, na nikamwambia nilinyamaza kwa heshima. Hakupandisha sauti. Alisema, "Heshima ungeniwekea nyumbani, mjukuu wangu. Pale gatini nilikuwa nataka macho."

Kamati ya ghuba ilikaa Alhamisi tarehe 18 Septemba 2014. Marehemu alisimama kabla ya kuitwa, akasema, "Namba hizi ni zangu. Bahari haikuchafuka, ni macho yangu yalichafuka, na naomba miaka hii mitatu isitumiwe na mtu yeyote, kwa faida yake wala yangu." Mwanasheria wa kampuni alimuuliza swali ambalo lilikuwa la haki, kwamba kama miaka mitatu ni ya uongo, kwa nini watu waiamini ile thelathini na saba ya nyuma. Kazi yake yote ilikuwa imening'inia kwenye jibu la swali hilo, na ghuba pamoja nayo. Alifungua daftari moja baada ya jingine kwenye Jumanne za Januari, akaonyesha namba mbili na sahihi mbili, mara thelathini na sita, akasema, "Hii niliyokaguliwa, iaminini. Hii ambayo sikukaguliwa, msiiamini. Mimi mwenyewe siiamini." Kisha aliniita, nikasoma zile namba mbili kutoka nyuma ya daftari la shule, pamoja na kosa langu la kuzificha, na ya tatu ilikuwa ya Dereva, tatu na tisini, nne, nne na kumi. Maji yalikuwa yanazidi kuwa safi muda wote. Kamati iliyakataa maombi ya kampuni kwa kura saba kwa mbili.

Hakuzifuta zile kurasa. Alizipigia mstari mwekundu pembeni kwa rula, kurasa zote mia moja na thelathini na nane, na juu ya ya kwanza aliandika, Macho ya mpimaji yalikuwa na ugonjwa. Wanafunzi wa vyuo wanaokuja kusoma daftari hizo, na mimi nilikuwa mmoja wao, hufundishwa kuanzia kwenye ukurasa huo.

Tarehe 11 Machi 2019, alipotimiza miaka sabini, alikataa keki, akaomba apelekwe upande wa ghala la chumvi, akaingia majini na gauni lake mpaka kifuani, mjomba akimshika mkono huu na mama mkono ule, akainamisha kichwa, kisha akasema, "Vyote kumi vipo. Na kile kilichopinda bado kimepinda." Waokota chaza waliokuwa karibu waliacha ndoo zao wakampigia makofi.

Maradhi ya moyo yalianza Februari 2023, na mara ya mwisho kushika kamba ilikuwa Jumanne tarehe 7 mwezi huo. Baada ya hapo alikuwa akikaa kwenye benchi juu ya gati, Dereva na mimi tukipima, na hakuuliza namba mpaka ahakikishe kila mmoja ameshaandika ya kwake. Alilazwa hospitali ya wilaya, wodi namba nne, tarehe 9 Septemba 2024, na alifariki Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, mama yangu akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, vitukuu wawili na daftari arobaini na mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, ambao walimvumilia alipohesabu matone ya dripu na kuwaambia hayalingani, daktari wa macho aliyemrudishia kazi yake, majirani mliopokezana kupika na kufua tangu Septemba, wafanyakazi wa maabara ya maji, akina mama waokota chaza, ambao majani yao ndiyo yaliyosafisha kile alichokipima, na Dereva, ambaye aliona vizuri tukamcheka.

Juzi Jumanne, saa nne asubuhi, Dereva na mimi tulishuka ngazi kama kawaida. Yeye ameandika mita tano na sentimita sitini, mimi nimeandika tano na arobaini. Kwa macho yake tumebakiza sentimita sitini kufika pale alipoanzia Bibi mwaka 1975, kwa macho yangu themanini, na tutaendelea.

Bibi, pumzika kwa amani uliyoifanyia kazi. Hatukulingana, na hakuna aliyefuta ya kwake.